Serahangi na Kiti cha Umoja

Serahangi wetu hakupata hata siku moja kula chakula cha watu akiwa na njaa. Akialikwa harusini alikula kwanza nyumbani kwake Kikwajuni, akashiba, akafukiza kanzu yake udi, ndipo akaenda kukaa mbele ya sinia la watu na kukataa. Alikuwa hodari wa kukataa. Alisema, "Nshakula, wallahi, wapeni wengine," mkono ameuweka kifuani. Mwenye shughuli akimbembeleza, alikataa tena kwa sauti ndogo zaidi. Mwenye shughuli akaapa kuwa naye hatatia kitu mdomoni, mpaka mwisho Serahangi akachukua matonge mawili na kuyatafuna pole pole kama anayemfanyia mtu hisani. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi, niliyejua kwamba tumbo lake limejaa muhogo wa nazi, nilikuwa najiuma midomo nisicheke.

Jina lake silitaji. Wanawe wapo, na yeye mwenyewe hakupenda jina lake litembee ovyo. Sisi wachukuzi wa bandarini tulimwita Serahangi kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa genge letu, na mtaa mzima ukamwita hivyo, hata mkewe. Nilifanya kazi chini yake karibu miaka yote ya hamsini, mimi nikishika winchi, na mlango wangu ukitazamana na wake. Nilimpenda mtu yule. Naandika haya kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu mpaka leo nikimkumbuka hukasirika, kisha hasira hunitoka nikabaki na majuto tu.

Bandarini kila mtu hupiga makelele. Winchi inalia, minyororo inagonga, makarani wanaita kutoka huku na huku, na asiyekuwa na koo hana kazi. Serahangi hakupaza sauti. Alisimama ukingoni mwa gati, kofia yake ya kiua nyeupe pe, akasema neno lake kwa upole, na watu wanyamavu kwa wasemaji wakatulia ili wamsikie. Mara nyingine nilidhani huo ndio ujanja wake, kwamba kashajua mtu hunyamaza zaidi kwa anayenong'ona. Lakini hata nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Kuku wake walikuwa na sauti kuliko yeye.

Na mtu huyo huyo mpole, akisimama mbele ya meneja wa kampuni ya upakuzi, alikuwa mtu mwingine kabisa. Ijumaa moja meneja alitaka tuingie kwenye ngama ya meli, kule chini penye shehena, saa ya sala, kwa kuwa meli inataka kuondoka. Mkalimani alianza kuzungusha maneno ili yasimchome Mzungu. Serahangi akamkata.

"Mwambie hapana. Baada ya sala."

Meneja akasema mengi, akawa mwekundu. Serahangi akakaa juu ya gunia la mchele akamngoja amalize.

"Mwambie hapana," akasema tena, na ndivyo ilivyokuwa.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza kwa nini akiwa na sisi huzunguka maili nzima kabla ya kusema jambo, na yule Mzungu kamwambia neno moja.

"Yule hatujuani, mwanangu," akanijibu. "Hanivunji wala simvunji. Lakini mtu wa kwetu ukimwambia hapana usoni, umemvunjia heshima yake, na ukimwambia nnataka, umejivunjia yako."

Aliliamini hilo kama anavyoamini kibla. Kitu kinachokubaliwa mara ya kwanza, kwake, ni kitu cha mlafi. Alipokwenda kumposea Haji, rafiki yangu wa genge, wakwe walimrudisha mara kwa mara kwa vijisababu: mtoto bado mdogo, mjomba yuko Pemba, tutazame kwanza. Haji alikuwa hali halali. Serahangi alirudi kila safari na uso wa furaha. "Hawa watu wema," alisema. "Wangekubali siku ya kwanza ningekimbia mimi." Na kweli, mwisho wakamtoa binti yao Mwanaisha kwa Haji, na ndoa ile ilikuwa njema. Haji na mkewe walimfanya Serahangi baba yao. Sikukuu ikifika walikwenda kwake kwanza, kisha ndio kwa wazazi.

Msidhani lakini kwamba mtu huyu hakuwa na tamaa. Alikuwa nayo, tena kubwa. Alipenda kukaa mbele. Akiingia msikitini au mkutanoni alijibanza mlangoni penye viatu, akaketi pale na kuinamisha kichwa, na hakutulia mpaka mtu amwone, amwite, amvute mkono na kumpandisha safu ya mbele. Siku moja hakuna aliyemwona. Maulidi yakasomwa mpaka yakaisha, yeye kule kwenye viatu, na wiki nzima baadaye alikuwa akijibu salamu zetu kwa kichwa tu. Nilimwambia, "Mzee, si ungekwenda tu ukakaa?" Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni.

Sasa nije kwenye Umoja, kwa sababu bila ya Umoja huyu angekuwa mzee mmoja tu wa Kikwajuni mwenye vituko vyake.

Sisi wachukuzi wa mwambao tulikuwa chini ya serikali tatu. Mombasa na Kenya yake, Tanga na Dar es Salaam na Tanganyika yao, na sisi na Sultani wetu na Mwingereza wake. Lakini meli ni zile zile na kampuni ni zile zile. Mombasa wakigoma, meli inageuza pua inakuja kwetu, na sisi tunaipakua tukishukuru kwa kazi. Tukigoma sisi, inakwenda Tanga. Tulikuwa tunavunjana migongo wenyewe kwa wenyewe, na kila bandari ikiwaita wenzao wasaliti. Serahangi ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kwamba dawa ni moja: meli iliyokataliwa bandari moja ikataliwe zote. Ndiye aliyekwenda Mombasa kwa nauli yake, na Tanga, na Dar es Salaam, akakaa na watu barazani, akazunguka na maneno yake, mpaka bandari nne zikakubali kufanya umoja mmoja na kukutana Unguja kuchagua viongozi. Hakuna aliyekuwa na shaka nani anafaa kuwa mwenyekiti. Kiti kile kilikuwa chake kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Yeye tu ndiye aliyekuwa na shaka. Akaanza kukitafuta.

Hakusema anakitaka, la hasha. Alifanya karamu. Wajumbe wa Mombasa aliwaweka nyumbani kwake, na wa Tanga akawapeleka kwa shemeji yake mjini, karibu na Malindi, wasikutane sana. Mkubwa wa Mombasa alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda halua. Mkubwa wa Tanga alikuwa mwembamba, mwenye kuwaza. Kila mmoja Serahangi alimkalisha peke yake, akamjazia kikombe cha kahawa, akamwambia, "Mimi umri ushakwenda. Atakayekaa kiti kile, atahitaji naibu wa kumshika mkono, na mtu kama wewe haachwi nyuma." Maneno hayo hayo, kwa wote wawili. Nilikuwepo mara zote mbili, na mara ya pili kahawa ilinipalia.

"Mzee," nikamwambia tulipobaki wawili, "naibu ni mmoja."

"Mie nimeahidi nini?" akaniuliza. Na kweli, ukiyachunguza maneno yake, hakuahidi kitu.

Wageni wale wawili wakakutana kwa kinyozi. Hilo Serahangi hakulifikiria, kwamba asubuhi ya Ijumaa mtu yeyote mwenye kujiheshimu huenda kunyolewa, na kwamba kinyozi mzuri Darajani ni yule yule kwa wote. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyenihadithia baadaye. Wa Mombasa alikuwa na povu mashavuni, akawa anamtania mwenzake kwamba mwaka huu yeye ndiye naibu, basi wa Tanga amwandalie samaki akija. Wa Tanga akamuuliza, "Ulipewa lini?" Mwenzake akamwambia maneno ya mzee, na wakaangaliana ndani ya kioo. Hawakugombana wala kuja kumuuliza mzee. Kuuliza kungekuwa kumvunjia mzee heshima ndani ya mji wake.

Mkutano ukafanyika mchana ule, baada ya sala, katika ukumbi wa skuli moja. Mimi na Haji tulikuwa wajumbe wa Unguja pamoja na Serahangi. Mkubwa wa Dar es Salaam, mtu wa makamo, msemaji mzuri, akapewa kuongoza kikao mpaka mwenyekiti apatikane. Akasimama, akasifu mapokezi, akasema hana haja ya kurefusha: mwenye wazo hili ni mzee wa Unguja, na yeye anaona kiti kiwe cha mzee wa Unguja. Ukumbi ukaitika, "Naam, naam."

Serahangi akainuka. Mkono kifuani, kichwa chini.

"Nakushukuruni," akasema. "Mmenipa heshima nisiyoistahiki. Lakini mie mtu mzima, nimechoka. Wapo vijana wenye nguvu na wanaojua kusoma na kuandika. Niacheni nipumzike."

Akakaa. Nimesikia watu wengi wakikataa vitu, sijasikia kukataa kuzuri kama kule. Sasa ilikuwa zamu ya wageni. Mmoja wao ainuke, aseme haiwezekani, aape, wa pili amuunge mkono, mzee akatae tena kidogo, kisha akubali kwa shingo upande, na tuende tukale. Sisi wa Unguja hatukuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Mwenyeji hamng'ang'anii wa kwake mbele ya wageni. Angekuwa kama anayewanyang'anya kitu walichokuja kukitoa kwa mikono yao. Tukawatazama wageni.

Wa Mombasa alikuwa anatazama kucha zake. Wa Tanga anakunja na kukunjua ncha ya kanzu yake.

Hakuna mgeni aliyeinuka. Haji alinigusa goti chini ya meza, nami nikamgusa lake, na hatukujua kugusana kule ni kwa nini. Serahangi kichwa bado kakiinamisha, anangoja. Msemaji wa Dar es Salaam akawatazama wale wawili, mmoja baada ya mwingine, akawapa nafasi ya kutosha. Alikuwa mtu wa pwani kama sisi, kazaliwa na adabu hizi. Kila mtu mle ndani alijua vizuri kabisa kwamba mzee hakukataa. Kisha akasema, kwa upole wa kweli:

"Mzee wetu ameomba apumzike. Sisi watoto wake. Tumheshimu."

Wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu, kumshukuru kwa kazi yake. Serahangi aliinua kichwa, akawatazama, na naye akaanza kupiga makofi, wa mwisho wao. Akachaguliwa wa Mombasa kuwa mwenyekiti na wa Tanga kuwa naibu, na ofisi ikaenda Mombasa. Yote yalikwisha kabla ya alasiri.

Nimewaza mara nyingi nani wa kulaumiwa. Wale wawili walidanganywa, na wakalipiza kwa adabu. Msemaji alifuata maneno aliyoyasikia. Lakini nawalaumu wote, na zaidi namlaumu mzee wangu, ambaye angesema neno moja tu la wazi, kama alivyojua kumwambia Mzungu mchana kweupe, na kwa wenzake hakuweza.

Tena akapata nafasi ya pili. Asubuhi ya kuondoka wageni, yule mnene wa Mombasa alitoka barazani kuaga, akamshika Serahangi mikono yote miwili. "Mzee wangu," akasema, "kiti ni chako. Mimi nakushikia tu. Ukikitaka, niambie sasa hivi hapa, nawarudisha wenzangu ukumbini." Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi naamini alisema kweli. Serahangi akacheka. "Wapi, mwanangu! Kiti kimepata mwenyewe." Yule bwana akapanda gari akaenda gatini.

Baada ya hapo Serahangi akasusa. Kususa kwake hakukuwa na kelele vilevile. Mombasa waliandika wakitaka Unguja tuthibitishe lile sharti la meli iliyokataliwa, ambalo ni lake mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa. Alijibu kwa salamu ndefu na dua, akasema tunalitazama. Wakaandika tena. Tukawa bado tunalitazama. Nilimwambia, Haji alimwambia, hata mkewe alimwambia. "Tusiharakishe kheri," akatujibu. Na sisi genge zima tukamsikiliza, kwa sababu hatukuwa tumezoea kufanya jambo asilolitaka.

Mwaka uliofuata tukagoma. Tulikuwa na haki, na tulikuwa tumeungana, na tulisimama nje ya lango la bandari na nyuso zetu zimekunjuka, tukijua meli ya mchele iliyoko nje haitashusha gunia. Tukapeleka habari kwenye Umoja. Jibu likaja la adabu tupu: wanatuombea Mungu, wanasikitika, lakini Unguja haijathibitisha. Meli ikaenda Tanga. Mchele ukapakuliwa kule, ukaletwa kwa vyombo vidogo mpaka Mkokotoni, ukaingia mjini kwa malori, na sisi tukiyatazama yanapita. Mgomo ukavunjika. Kampuni ikachagua inaowataka. Mimi walinirudisha kwa ajili ya winchi. Serahangi hawakumrudisha, na Haji, aliyekuwa akisimama mbele langoni, hawakutaka hata kumwona.

Haji akavuka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge nyuma ya Tanga. Mwanzo salamu zilikuja, kisha zikakatika. Wengine walisema anaumwa, wengine kaoa huko, wengine walisema kafariki na hakuna aliyejua kwao. Mwanaisha akabaki na watoto wake, akishona kofia kwa watu.

Na Serahangi akaacha kupita njia ya nyumbani kwa Mwanaisha. Kwenda sokoni kwake kukawa kwa kuzunguka. Akizungumza nami barazani, tulizungumza juu ya mvua, bei ya dagaa, paka wa jirani. Alizeeka ghafla, kama nyumba iliyotoka ezeko.

Mara ya mwisho kuwa naye ilikuwa mwishoni mwa Shaaban. Alikuwa anahama mji, anakwenda kwa binti yake Makunduchi, na watu wanaosafiri au wanaoingia kwenye mwezi mtukufu huombana radhi. Alikuja mlangoni kwangu asubuhi, kavaa kanzu safi, akaniambia, "Nisindikize kwa Mwanaisha."

Mwanaisha alikuwa kwenye kigoda ndani ya ukumbi, kofia mapajani, sindano mkononi. Tulipopiga hodi akatukaribisha, akainuka nusu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. Nilingoja aanze na mvua, au afya za watoto. "Mwanaisha," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nlikitaka kile kiti. Nlikitaka kuliko kitu chochote, nkaona haya kusema, nkakikosa, nkasusa, na Haji akaondoka kwa kususa kwangu. Nisamehe."

Sikuwahi kumsikia akisema namna ile kwa mtu wa kwetu. Mwanaisha hakuinua macho. Alivuta uzi mpaka mwisho, akaukaza.

"Ah, Mzee wangu," akasema. "Hapana la kusameheana. Yaliyopita yashapita. Mungu atusamehe sote."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli, baba. Wewe mzee wetu." Akatabasamu. Ni tabasamu tunalompa mgeni yeyote anayefika mlangoni. "Uwasalimie Makunduchi. Safari njema."

Tukatoka. Nje alisimama, mkono wake kwenye ukuta, akanigeukia.

"Amenisamehe?"

"Si umemsikia, Mzee? Kasema kweli."

"Nimesikia alivyosema," akanijibu. "Nnakuuliza wewe kama amenisamehe."

Nilitazama mlango. Ndani Mwanaisha alikuwa amekwisha rudi kwenye kofia yake, na uso wake haukuonyesha kitu. Serahangi aliendelea kuniangalia, akingoja nimwambie, na mimi sikujua.